Barwany wa Lindi Mjini: kiti cha kuteuliwa na kiti cha kuomba kura

Mwalimu wa Uraia, Tukuyu

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninafundisha Uraia kidato cha tatu hapa Rungwe, na wiki ijayo wanafunzi wangu watakuwa na mdahalo kuhusu watu wenye ulemavu katika uongozi wa nchi. Mmoja wao, ambaye mwenyewe ana ualbino, aliniuliza kama ni kweli kwamba Salum Khalfan Barwany ndiye mbunge wa kwanza mwenye ualbino Tanzania, na iwapo wapiga kura wa Lindi walimchagua kwa kumhurumia, maana miaka ile habari za mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa zilikuwa zimetanda kila mahali. Nilimjibu nusunusu, nikaona aibu. Naomba msaada wenu.

Msomaji, Mafinga

Mwalimu, hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Wa kwanza kuingia bungeni alikuwa Al-Shaymaa Kwegyir, aliyeteuliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2008 katika zile nafasi zisizozidi 10 ambazo Ibara ya 66 ya Katiba inampa Rais. Barwany aliingia kwa mlango mwingine: katika uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 2010 aligombea Lindi Mjini kwa tiketi ya CUF, akamshinda mgombea wa chama tawala, na hivyo akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi wa jimbo hapa nchini.

Kuhusu huruma, mimi siikubali hoja hiyo. CUF ilikuwa na mizizi ukanda wa pwani, na mpinzani hang'oi jimbo mikononi mwa CCM kwa kuonewa huruma tu. Isitoshe, Katiba yetu inamtaka mgombea ubunge apendekezwe na chama cha siasa, kwa hiyo kabla ya kuwaomba wana Lindi kura zao, ilimbidi kwanza akubalike kwa wenzake wa chama. Mwambie kijana wako kwamba hapo ndipo wengi wenye ulemavu wanapokwama, hata karatasi ya kura haijachapishwa.

Mama wa Gangilonga

Mwalimu, nimemlea mtoto mwenye ualbino hapa Iringa mpaka amekuwa mtu mzima, kwa hiyo naomba niongeze jambo ambalo wanaume wa siasa hawalitaji. Mikutano ya kampeni huruhusiwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, yaani muda wote ambao jua lipo. Mgombea mwenye ualbino anapanda jukwaani mchana kweupe, siku baada ya siku, na joto la Lindi mnalijua, huku ngozi yake haina kinga na saratani ya ngozi ndiyo inayowamaliza wengi wao mapema. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kwake ni vifaa vya kampeni sawa na kipaza sauti. Huku kwetu nyanda za juu hali inadanganya zaidi: baridi inakufanya usahau, lakini jua la mwinuko linachoma. Mwanangu aliungua masikio siku ya ukungu, akiwa amejifunga shali shingoni.

Mzee wa Kihesa

Alichokisema ndugu yetu wa Mafinga kimenigusa. Mimi natembelea magongo tangu utotoni kwa sababu ya polio, na niliwahi kuomba kuteuliwa kugombea udiwani kwa tiketi ya chama ambacho sitakitaja. Usaili ulifanyika ghorofa ya pili, na jengo halikuwa na njia nyingine ya kupandia ila ngazi. Vijana wawili wakanibeba juujuu, mmoja kwapani, mwingine miguuni, na magongo yangu yakabaki chini kwa mlinzi, nikaingia mbele ya wajumbe nikiwa sina hata cha kuegemea. Watu husema sisi wenye ulemavu tunabebwa katika siasa. Siku ile nilibebwa kweli, na jina langu halikurudi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia haki ya kufika kwenye majengo, lakini ngazi zile bado zipo.

Mwalimu wa Uraia, Tukuyu

Shikamoo Mzee, na pole sana. Nawashukuru wote. Je, Barwany aliendelea baada ya hapo?

Msomaji, Mafinga

Alitumikia kipindi kimoja. Mwaka 2015 jimbo lilirudi CCM, na wapinzani wengine nao walipoteza majimbo yao mwaka huo. Mimi naona hata kushindwa huko ni sehemu ya hadhi yake: aliyeteuliwa hupewa kiti na aliyemteua, yeye alipewa na kuondolewa na wapiga kura. Mwishoni mwa mwaka huohuo Rais Magufuli alimteua Dk. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, kuwa mbunge na naibu waziri, na mwaka 2017 akapelekwa Ujerumani kuwa balozi. Ni heshima kubwa, lakini kwa mdahalo wako jina la kuanzia ni Barwany.

Mwalimu wa Uraia, Tukuyu

Nimeelewa. Mama wa Gangilonga, mdahalo ulikuwa umepangwa kufanyika uwanjani saa 8 mchana. Leo asubuhi nimeuhamishia bwaloni.