Pochi ya sufu: rangi moja imeshikana, nyingine imegoma

mfumaji_mikindani
Habari wadau. Nimefuma pochi kwa uzi uliofumuliwa kwenye sweta mbili za mtumba, moja kahawia, moja nyeupe. Sindano milimita 4. Nimeitia maji moto na sabuni ya unga, nikaifikicha nusu saa ili isinyae na kushikamana. Kahawia imekaza vizuri, nyeupe bado kila kitanzi kinaonekana. Nizidishe moto?

bi_shangani
Usizidishe, mwanangu. Choma kipande cha uzi mweupe kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki, uzi wa plastiki unaofanana na sufu, huyeyuka ikaacha punje ngumu.

Ila ipo sufu halisi inayofaulu hapo na bado isishikane: iliyotiwa dawa kiwandani ili ifuliwe kwa mashine. Unywele wa kondoo una magamba madogo sana. Maji moto na sabuni huyafungua, kufikicha huyanasanisha. Dawa ile huyafuta au huyafunika, basi hakuna cha kunasa. Kwa hiyo chukua uzi wa nusu mita, upake sabuni, uuviringishe viganjani kwa maji moto dakika 5. Ukiwa kifundo kisichofumuka, unafaa. Kwenye mitumba tafuta lebo ya kufua kwa mkono tu. Sweta wanayoikwepa wenzio ndiyo yako.

sindano6
Milimita 4 nayo inabana mno. Uzi unaotaka 4.5 au 5, ufume kwa 6 au 6.5, kitambaa kilegee hadi uone mwanga. Anza na kipande cha sentimita 20 kwa 20, kifikiche hadi mwisho, ndipo upime. Urefu kwa kawaida husinyaa kuliko upana. Upana ukibaki 15, pochi unayoitaka ya 24 ifume 32.

Sabuni ya unga ina povu jingi, nyuzi zinateleza tu. Kwangua sabuni ya mche, kijiko 1 kwa lita 5. Kisima chenye maji ya chumvi, kama vingi vya huku pwani, povu halitoki. Tumia maji ya mvua. Weka kipande cha nailoni ndani ya pochi, pande mbili zisigandane. Kagua kila dakika 5, maana ikishasinyaa hairudi.

Kukamua ni kwa taulo, usisokote. Ivalishe boksi, anika kivulini penye upepo. Wakati wa masika ichomoe na kuigeuza mara kwa mara, isivunde.

mfumaji_mikindani
Asanteni. Nimechoma: mweupe umeyeyuka, punje nyeusi. Kahawia niitupe pamoja nao?

bi_shangani
Utupe kwa nini? Sufu iliyoshikamana sawasawa haifumuki ikikatwa. Pitisha mkasi ndani ya kahawia, sentimita 1 kutoka mpakani, upate vishikio vya sufuria. Mweupe usiusogeze jikoni hata kwa pindo, utayeyukia mkononi.