Saa ya GPS imerudisha seva mwaka 2006, naomba ushauri

Kijana_wa_Seva: Wakuu salaam. Nahudumia mifumo ya SACCOS moja. Seva zote huchukua saa kwenye kifaa kimoja cha GPS, antena iko juu ya paa. Jana usiku umeme ulikatika, uliporudi seva ya miamala ikawaka na tarehe ya Juni 2006. Wafanyakazi hawawezi kuingia kwenye mfumo, vyeti vya usalama vinakataliwa eti muda wake haujaanza, na risiti za asubuhi zimetoka za 2006! Cha ajabu, seva nyingine mbili ziko sawa. Antena imekufa?

MzeeWaNyaya: Pole mkuu. Antena haina kosa. Ujumbe wa zamani wa GPS hautaji mwaka, unataja namba ya wiki kwa biti 10 tu: 0 hadi 1023, kisha inaanza upya. Ilishaanza upya Agosti 1999 na Aprili 2019. Vifaa vingi huhesabu wiki 1024 tangu programu yake ilipotengenezwa, kwa hiyo kila kimoja kina siku yake ya kuchanganyikiwa na kurudi nyuma wiki hizo 1024. Hebu ongeza wiki 1024 kwenye hiyo tarehe.

Kijana_wa_Seva: Duh, inaangukia jana! Sasa hizo mbili zimeponaje?

DadaMitambo: Hazijapona kaka. ntpd, programu ya seva ya kulinganisha saa, ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1000 hugoma na kujizima. Ila ikiwashwa na chaguo la `-g` inaruhusiwa kuruka mara moja, hata miaka. Ndipo iliponaswa iliyowaka upya. Hizo mbili zinatembelea saa ya ndani, zitapishana polepole, na Kerberos, mfumo wa kuthibitisha anayeingia, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Chomoa kifaa kwanza, usiziwashe upya!

Mpitanjia: Si ni kama ile ya 2016?

MzeeWaNyaya: Hapana. Ile ya 26 Januari 2016 setilaiti zenyewe zilitangaza kosa la saa, kama mikrosekunde 13. Redio za kidijitali Uingereza ziliyumba, lakini SACCOS isingejua lolote.

DadaMitambo: Weka vyanzo vinne vya saa visivyotegemeana. Vikiwa viwili vikabishana, seva haijui mwongo ni yupi. Kwenye chrony, programu nyingine ya kulinganisha saa, kuna `minsources 3`: isirekebishe saa mpaka vyanzo visivyopungua vitatu vikubaliane. Miamala ya "2006" msiifute: ipangeni kwa namba za muamala, mhasibu asaini marekebisho.

Kijana_wa_Seva: Nimechomoa. Mhasibu ananisubiri mlangoni.