Mrejesho: mfumo mwepesi kwa tovuti za wateja wadogo

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza nitumie mfumo gani wa kuendeshea tovuti za kurasa tano sita, maana wateja wangu watatu wa WordPress (mfumo maarufu wa tovuti) walinifanya nishinde nasasisha plagini, yaani programu ndogo za nyongeza.

Nilimfuata aliyependekeza Grav, mfumo mwingine wa tovuti. Haina hifadhidata: kila ukurasa ni faili la Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama kama # na * za kupangilia) ndani ya folda, na kwenye seva PHP (lugha ya programu za tovuti) inatosha. Saluni na duka la vifaa vya ujenzi nimeshawahamisha. Nakala rudufu sasa ni kunakili folda ya "user" tu. Kurasa, mipangilio, plagini na mwonekano vyote vimo humo. Paneli ya kuingilia na kuhariri tovuti nayo ni plagini, msisahau kuiweka.

Kwa mama mwenye chekechea nilikwama. Matangazo anaandika mwenyewe kwa simu, na zile alama za Markdown zilimchosha siku ya pili. "Mwanangu, nirudishie ile ya zamani." Nimemrudishia WordPress yake, plagini tatu tu, zinajisasisha zenyewe. Kosa langu, sikuuliza mapema nani atakuwa anaandika.

Mkuu uliyependekeza Hugo, mfumo usio na paneli yake, yako sikuijaribu. Wateja wangu bila paneli hawaelewi kitu. Asanteni sana wote.