Umewahi kuitikia lugha usiyoijua? Tupeane uzoefu

Habari zenu wadau. Mimi ni nesi, mzaliwa wa Tanga. Nilipopangiwa zahanati moja ya kijijini Shinyanga, nilianza na "mwangaluka" ya asubuhi, "mwadila" ya mchana na "wabeja" ya kushukuru. Kwa hayo matatu nikajiona nimeshafika.

Kulikuwa na bibi mmoja wa presha. Nikimwamkia "mwangaluka mayu" anafurahi, ananishika mkono kwa viganja vyake viwili, halafu Kisukuma kinamiminika. Naitikia kwa kichwa. Akicheka, nacheka. Mwezi wa tatu akaja na mjukuu wake, ndipo nikaambiwa: bibi alikuwa akinieleza kwamba vidonge vinampa kizunguzungu na anataka kuviacha. Nyumbani alisema nesi ameruhusu. Siku ile presha ilikuwa juu mno. Mpaka leo naumia.

Nani mwingine yamemkuta?

—

Pole sana dada. Mimi ni dereva, Muscat. Sisi Waswahili Kiarabu kinatuponza kwa sababu maneno mengi tunahisi tunayajua. Bosi alinipigia simu kuhusu mgeni wake, nikanasa "matar", uwanja wa ndege, na "saa sitta". Nikajibu "naam, naam". Saa sita mchana nipo pale, mwezi wa saba, jua linawaka hadi usukani haushikiki. Kumbe sitta yao ni ile sita inayoonekana kwenye uso wa saa, yaani saa kumi na mbili yetu ya jioni. Nilimsubiri mgeni saa sita nzima. Tangu hapo nikitajiwa saa naonyesha kwa vidole, na nauliza asubuhi au jioni.

—

Mimi nimeolewa Tukuyu, kwa Wanyakyusa. Msibani wifi alinielekeza: ukiambiwa "ugonile", itikia "ndaga". Basi kila aliyenisemesha, ndaga. Shangazi wa mume akaja na maneno marefu, nayo ndaga. Jioni naambiwa nimekubali kusimamia chakula cha waombolezaji wote kesho yake! Mawifi, Mungu awabariki, tulimenya nao ndizi hadi alfajiri.

Dada nesi, bibi anaendeleaje?

—

Asanteni jamani. Bibi hajambo, daktari alimbadilishia dawa. Siku hizi tukishaamkiana namwita mhudumu wa afya wa kijiji, Msukuma wa palepale, akae kati yetu. Juzi bibi kanifundisha kizunguzungu kinavyoitwa kwao, akanirudisha mara nne hadi nikatamka sawasawa.