Mtoto kacheza rede kwenye rasharasha, mimi naambiwa "hapa hatufugi bata"!

Mtandio Mwekundu:

Wakuu, mikono inatetemeka. Nimetoka shuleni sasa hivi, hata mtandio sijavua, nimekaa kibarazani naandika kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitamsamehe, na sitaki aupate msamaha wangu bure.

Mnamjua. Sitaji jina wala shule. Yule mwalimu wa zamu mwenye fimbo kwapani na funguo kiunoni kama bwana jela. Kama una mtoto anasoma huku kwetu Temeke na yule mama hajakusimamisha getini hata mara moja, basi umehamia juzi.

Saa nne, mapumziko, mvua ikaanza. Mvua yenyewe si ile ya kubeba madaraja. Rasharasha, manyunyu ambayo hata muuza karanga hayamkimbizi barabarani. Watoto wakatoka na mpira wao wa soksi kucheza rede. Mwanangu, darasa la tatu, kaingia kati, kakwepa mpira, kakanyaga dimbwi. Basi. Kosa lote ndilo hilo. Simu niliyopigiwa, nilidhani kachoma ofisi ya mkuu. Nimeacha maandazi kwenye mafuta, nimemwachia jirani kibanda, bodaboda 3,000.

Nafika, kwenye benchi wako wazazi wengine watatu. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu. Shikamoo yangu ikaanguka chini, hakuna wa kuiokota. Akainama, akachukua soksi ya mwanangu, ile nyeupe, akaining'iniza kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, AKAIKAMUA. Mbele yangu. Maji ya tope yakanidondokea juu ya kiatu. Ndipo akafungua mdomo: "Mama, hapa tunasomesha watoto, hatufugi bata."

Jamani. Alikamua soksi.

Wazazi kwenye benchi wakaangalia dari. Mwanangu kasimama pembeni miguu mitupu juu ya saruji, vidole kavikunja, macho chini. Kama unaogopa atapata baridi, mbona umemvua viatu ukamsimamisha kwenye sakafu mpaka mama yake atoke kibandani? Hilo nalo hakujibu.

Masika ni Machi hadi Mei. Vuli Oktoba hadi Desemba. Hesabuni wenyewe, nusu mwaka watoto wakae ndani kama magunia? Darasani mle wamebanana wanne kwenye dawati la watu wawili, madirisha yamefungwa wasilowe, akikohoa mmoja wamekohoa wote hadi mlinzi. Hapo hakuna anayeita mzazi. Sisi tumekulia mvuani, tulikuwa tunakinga maji kwenye mabati tukioga humohumo. Mtoto anataka kukimbia. Mwacheni akimbie, akimaliza mfuteni.

Lakini soksi! Salamu sijaitikiwa halafu soksi inakamuliwa juu ya kiatu changu!

Kokoto la Kigamboni:

Nimesoma yote. Pole sana Mama Bata.

Chumvi Mbili:

"Hatufugi bata" 😂😂 Huyo mwalimu apewe kipindi redioni. Mkuu, maandazi yalipona?

Mtandio Mwekundu:

Cheka tu. Siku soksi ya mwanao ikikamuliwa mbele za watu utanitafuta. Maandazi yameungua.

Chaki Nyeupe:

Mimi ni mwalimu, ila siye huyo. Darasa langu lina watoto 112 na niko peke yangu. Ikinyesha nabaki na watoto 112 waliolowa na daftari 112 zilizolowa. Mmoja akiteleza akavunjika mkono, mzazi huyuhuyu wa "mwacheni akimbie" ananijia na mwenyekiti wa mtaa. Halafu kuna radi. Januari 2025 kule Bukombe, Geita, radi iliua wanafunzi saba. Mimi ngurumo ya kwanza tu, wote ndani, sibembelezi mtu. Ila la soksi kakosea. Na salamu ya mtu haiachwi bila kuitikiwa.

Mtandio Mwekundu:

Mwalimu, nakuheshimu, lakini radi nimeitaja wapi? Leo haikunguruma hata kidogo. Ikinguruma waingizwe, wasitoke mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, hapo hata mimi nitakushikia fimbo. Leo yalikuwa manyunyu. Manyunyu na soksi.

Sindano Moja:

Niko zahanati. Mvua haileti mafua, mafua ni virusi, na virusi vinapenda hilo darasa lililofungwa madirisha kuliko uwanja. Aliyelowa abadilishwe nguo, yaishe. Cha kuogopa ni dimbwi. Mkojo wa panya unaingia humo, ndiyo homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi 2022. Choo cha shimo kikifurika, mnakijua kipindupindu. Na anayecheza pekupeku kwenye udongo mbichi, safura inapenya kwenye ngozi ya unyayo. Kwa hiyo acheze na viatu miguuni, akirudi anawe kwa sabuni. Kumvua viatu ndiyo umeharibu zaidi.

Mtandio Mwekundu:

Ubarikiwe dada! Hiyo "kumvua viatu ndiyo umeharibu zaidi" naichapisha naibandika pale getini.

Mpwa wa Ughaibuni:

Huku Ufini shule nyingi zinatoa dakika 15 za mapumziko kila baada ya kipindi cha dakika 45, na watoto wanacheza nje hata kukinyesha. Wanavaa koti la mvua na mabuti, hakuna anayeitwa mzazi.

Fundi Bomba wa Buza:

Na wewe kila uzi Ufini. Mtoto wa huku hana hata soksi ya pili, hayo mabuti atayatoa wapi?

Kokoto la Kigamboni:

Soksi ya pili ingekuwepo huyu mwalimu angekamua zote mbili.

Bi Mkora:

Mimi shida yangu ni sare. Wangu anayo moja. Naifua jioni, mvua usiku kucha, naianika juu ya feni, umeme unakatika. Asubuhi anavaa mbichi, na getini anachapwa kwa kunuka uvundo. Yenu soksi tu.

Chumvi Mbili:

Dada, ukiianika juu ya sufuria ya wali inakauka ila mtoto atanukia nazi.

Mzee wa Mwendokasi:

Mnalia na soksi, mimi juzi nimevuka Jangwani kwa miguu maji magotini. Msimbazi ukifurika barabara inafungwa, mabasi hakuna, bosi anakuuliza kwa nini hukulala mjini.

Fundi Bomba wa Buza:

Usiniambie! Na bajaji ndiyo wanangojea hapohapo. Nauli ya 1,000, tone la kwanza likidondoka ni 2,500. Ukiuliza anakuambia "mvua hiyo kaka". Kwani mvua inakunywa petroli?

Bi Mkora:

Mmoja kanishusha katikati ya maji, eti injini itaingia maji. Nimelipa kamili.

Mtandio Mwekundu:

Jamani turudi kwenye mada. Kesho nampeleka mtoto na lazima nipite getini kwa yule mwalimu. Nimwamkie au nisimwamkie?

Mzee wa Mwendokasi:

Bajaji za Tabata ndiyo balaa, wale wana bei ya wingu. Likitanda tu wamepandisha.

Chumvi Mbili:

Tabata? Hujakutana na wa Goba wewe. Kwanza mlima wenyewe ukilowa hawapandi, mnashuka mnasukuma.

Sindano Moja:

Mwamkie. Mtoto anaangalia.

Fundi Bomba wa Buza:

Goba nimesukuma mara mbili mwezi huu, mara ya pili nilikuwa na suti ya harusi.

Bi Mkora:

Wakuu, mkaa wangu wote umelowa na nina watu wa kula usiku. Nani anauza mtungi mdogo wa gesi, maeneo ya Tandika?