Tauni iliua batu karibu nusu, alafu Ulaya ikatajirika? Munisaidie apa

Baba Furaha, Kadutu
Bandugu, salamu. Binti yangu iko sekondere, jana magaribi alinileteya kaye (daftari) ya istwari (historia) anasema papa unisikilize kama nimeshika. Kaye inasema zama za kati za Ulaya bilianguka juu ya tauni ya 1347, alafu Renesansi, ile wakati ya kuamusha sanaa na elimu upya, ikakuya. Sentensi mbili, ikaisha. Mi nikamuuliza, sasa mama, kama batu balikufa karibu nusu, mashamba ikabakiya bila mikono, ile makuta ya kujenga makanisa na kulipa bachoraji ilitoka wapi? Akaniangalia tu. Na mi sikukuwa na jibu, nikamwambia enda ulale. Egzamu ni siku ya ine. Ile jamii ilianguka juu ya nini kweli kweli? Na kifo kinazaa aje utajiri, apa kwetu kinazalaka tu deni ya matanga.

Mwalimu mustaafu, Bagira
Baba Furaha, swali yako ni nzuri kupita ile kaye. Tauni haikukuta Ulaya ikiwa na afya. 1315 mvua ilinyesha bila kukoma, ngano ikaoza shambani, hata chumvi ikakosekana sababu haikauki, njaa ikaendelea mpaka 1317 na fasi zingine ikapita pale. Mbele ya ile watu walikuwa wameongezeka miaka mingi, wamefyeka pori, wamelima mpaka udongo mbaya, na shamba likagawanywa kwa watoto mpaka kila mmoja anabaki na kamstari. Wewe uende Walungu ao Kabare leo, uangalie baba mwenye wavulana sita, utaona Ulaya ya 1300. Alafu 1337 vita ya Uingereza na Ufaransa ikaanza, ile iliisha 1453. Banki kubwa za Florence, Bardi na Peruzzi, zilikopesha mfalme wa Uingereza Edward III, hakulipa, na zilikuwa na matatizo mengine pia, zikaanguka miaka ya 1340. Ndiyo pale, 1347, meli zikafika Messina, Italia, kutoka Bahari Nyeusi na mabaharia wagonjwa ndani.

Sasa utajiri. Mkulima wengi walikuwa wamefungwa kwa ardhi ya bwana, anafanya kama salongo (kazi ya lazima bila malipo) siku kadhaa kila juma, anasaga kwa kinu cha bwana na kukilipa, hawezi kuhama bila ruhusa. (Watu wa Bushi wasiseme ni kalinzi, hapana, kalinzi unatoa ng'ombe na shamba linabakia kwa watoto wako, kule ni mtu mwenyewe alifungwa.) Tauni ikapita. Shamba ni lile lile, kinu ni kile kile, mikono ndiyo imepungua. Yule aliyebaki akasema unilipe vizuri ao naenda kwa jirani yako. Uingereza 1351 wakatoa sheria ya kukataza mshahara usipite ule wa mbele ya tauni. Unakatazaka kitu chenye hakipo? 1358 wakulima wa Ufaransa wakainuka, 1381 Waingereza wakaingia London mpaka wakakata kichwa ya askofu mkuu. Wote walipigwa, lakini mabwana wakachoka polepole, wakaanza kukodisha ardhi kwa feza. Na mtu wa kawaida akakula nyama, akavaa nguo nzuri, mpaka wakubwa wakalalamika.

Wa Lushi
Mwalimu, heshima yako, lakini ile haitoshe. Kama tauni njo ilifungua batu, juu ya nini kule mashariki ya Ulaya, Poland na Prussia, bakulima balifungwa zaidi nyuma ya pale, karne ya 15 na 16? Na Misri tauni ilipiga sawasawa, mifereji ya Nile ikaharibika sababu hakuna batu ya kuitengeneza, bakakuwa masikini. Ugonjwa ni ule ule. Pale mabwana bako na nguvu na miji ni midogo, mikono ikipunguka banakamata zaidi ile yenye imebakiya. Tena muchoraji Giotto alikufa 1337, miaka kumi mbele ya tauni, na mushairi Petrarca balimuvalisha taji ya mashairi Roma 1341. Ile Renesansi ilikuwa imeisha kuota mu miji ya Italia, hakuna panya ya tauni iliizaa.

Mama wa sante
Mi nitasema ya ugonjwa tu. Nilitumikaka Ituri, tauni iko kule mpaka leo, panya inakufa kwanza mu nyumba, kiroboto inahama kwa mutu. Tunatibu na antibiotiki kama mutu anakuya mapema. Bale ba 1348 hawakuwa nayo, baprofesa ba Paris baliandikia mufalme kama ni sayari zilikutana mbinguni 1345. Bengine bakasema ni Bayahudi baliweka sumu mu visima, Strasbourg bakabachoma Februari 1349 na tauni yenyewe ilikuwa bado kufika pale!! Nilisoma ile nikafunga kitabu. Goma 2019 wakati ya Ebola tulisikia pia maneno ya ajabu, tulitupiwa mawe fasi zingine. Lakini kuko na bale balifikiri: Ragusa (leo Dubrovnik, Kroatia) 1377 bakasema mugeni akae siku 30 inje, Venisi bakafika siku 40, kwa Kiitalia 40 ni quaranta, njo neno karantini lilitoka.

Mukristu wa Ibanda
Hamujaongea kanisa. Papa hakukaa tena Roma, alikaa Avignon, Ufaransa, 1309 mpaka 1377, alafu 1378 bakakuwa bapapa babili, 1409 batatu, kila mmoja anatenga wenzake na kanisa, iliisha tu 1417. Padri mwenye alibakiya na bagonjwa alikufa nabo, mwenye alikimbia alipona. Mukristu wa kawaida anaona ile anafikiri nini?

Baba Furaha, Kadutu
Mulinifungua macho. Basi haikuanguka siku moja, njaa ilianza, vita, tauni, na bapapa batatu (mutoto alicheka mpaka machozi), na ile ya mikono nimemuelezea na bei ya kufyeka shamba kule kwetu nyumbani, ameshika mara moja. Mwalimu, wa Lushi iko na haki ao hapana?

Mwalimu mustaafu, Bagira
Iko na haki, kijana anasoma. Mikono ilipunguka pote, ila kule mtu alikuwa na mji wa kukimbilia ndiyo aliweza kukataa.

Baba Furaha, Kadutu
Aksanti. Sasa kama banauliza mwaka gani zama za kati biliisha, aandike gani?

Mwalimu mustaafu, Bagira
Wengi wanasema 1453, Constantinople, mji mkuu wa Byzantium, kuangukia mikononi mwa Waturuki. Kama kaye iko na mwaka mwingine, aandike tu ule wa kaye, mengine muongee nyumbani nyuma ya matokeo.