Chensoo: unga mweupe kwenye bodi ya magnesi, steariki inatosha?

Mbao_Uvinza
Wakuu, bodi za chensoo mbili (aloi ya AZ91, yaani magnesi yenye alumini na zinki kidogo) zinatoa unga mweupe kuzunguka bolti, na vishimo vimeanza. Mashine hupakiwa lori moja na viroba vya chumvi kwenda Kigoma mjini. Nasikia magnesi ikilowekwa kwenye asidi ya steariki maji hayashiki tena. Inafanywaje, na inatosha peke yake?

KemiaMwanga
Ng'oa kila kipande cha alumini, toa mafuta, piga msasa namba 400 kisha 800, ukilowesha. Vumbi kavu la magnesi linawaka. Likiwaka usimwagie maji, tia mchanga mkavu. Osha kwa kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) gramu 40 kwa lita ya maji, ya moto, dakika 10, glovu mkononi. Kostiki inakula alumini, magnesi haiigusi. Siki na dawa ya choo ndizo sumu yake.

Suuza, chemsha saa moja kwenye maji ya betri (yale matupu, si ya asidi!) ili ngozi ya hidroksidi (tando jembamba la magnesi na maji) iote. Kisha gramu 14 za steariki, ile ya watengeneza mishumaa, kwenye lita 1 ya spiriti. Loweka saa 3 kwa nyuzi 60, chombo kikae ndani ya maji ya moto, mbali na moto wenyewe. Kausha. Tone la maji liviringike kama juu ya jani la gimbi. Likitambaa, basi mafuta hayakutoka vizuri.

Fundi_Gungu
Sawa, ila kwa chensoo haitoshi. Maji yanazuiwa na hewa iliyonaswa kwenye vinundu vidogo vya ngozi hiyo ya steariki. Petroli na oili zinapenya bila hodi, na mkono ukisuguasugua vinundu vinalala.

Ugonjwa uko kwenye bolti. Chuma na magnesi vikikutana penye maji ya chumvi vinakuwa betri, na magnesi ndiyo inayoliwa. Weka washa za alumini, grisi kwenye meno ya bolti, bodi ipigwe praima ya epoksi (rangi ya chini ya kushikisha) na rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha). Paka na vichwa vya bolti. Ukipaka magnesi tu, mkwaruzo mmoja unabeba betri nzima na kuchimba shimo.

Mbao_Uvinza
Nipige steariki kwanza, halafu praima?

KemiaMwanga
Hapana mkuu, praima haishiki juu yake. Bodi ipake rangi, steariki iwe ya vifuniko visivyofikiwa na mafuta wala mikono.